Brosheti za Ijumaa

Mapendo alikuwa barabarani, bado anajilamba pilipili vidoleni, alipoona jina la marraine wake, mama yake wa kiroho, kati ya watu walioona picha.

Picha yenyewe ilikuwa kwenye statut yake ya WhatsApp: brosheti tatu, mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga pembeni, moshi unapanda. Chini aliandika, "Kituku, saa hii." Mapendo hali chakula kabla ya kukipiga picha, na hapigi picha bila kuituma. Ndiyo starehe yake. Mama yake husema siku moja mtoto huyu atakufa njaa akitafuta mwangaza mzuri. Leo vidole vilitangulia akili, maana ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kutokula nyama.

Kusema alisahau itakuwa uongo. Alitumwa soko la Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa sababu hiyo hiyo ya Ijumaa. Akanunua. Kisha harufu ya mbuzi ikamshika pua, miguu ikakata kona yenyewe. Aliketi meza ya mlangoni ndani ya kibanda cha nyama choma, akaipa barabara mgongo asionekane, na macho yake yote yakawa kwenye sahani.

Sasa alibonyeza kufuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Mega za intaneti zilikuwa zimeisha.

Angeiona mtu mwingine, angecheka tu. Lakini Mama Domitille, marraine wake wa kipaimara, ni mkuu wa akina mama wa parokia. Kila Ijumaa ya Kwaresima huvaa kitenge cha bluu chenye picha ya Bikira, na kanisani hufumba macho tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, bila kuyumba. Hata sambaza za nyumbani kwake huzifuata mwenyewe sokoni, hataki kumsumbua mtu. Mwaka jana alimkataa Charline, rafiki wa Mapendo, mbele ya katekista kwa ajili ya video ya kucheza dansi, na Charline anangoja kipaimara mpaka leo. Jumapili hii ilikuwa zamu ya Mapendo. Marraine atasimama aseme anamkubali au hamkubali. Gauni jeupe limeshashonwa, na shangazi yake yuko kwenye boti kutoka Bukavu.

Simu ikalia. Marraine. Mapendo akaitazama kama kitu kinachouma, mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Kisha ukaingia ujumbe: "Kuya kwangu sasa hivi. Usipite kwenu."

Hakuwa na nauli ya pikipiki, pesa yake ya mwisho iliisha pamoja na mbuzi. Akapanda kuelekea Katindo kwa marraine, nusu akitembea, nusu akikimbia, sandali zikijikwaa kwenye mawe meusi ya volkano, mfuko wa sambaza ukimpiga paja. Atasema ni picha ya zamani. Lakini aliandika "saa hii". Atasema ni uyoga. Uyoga gani wenye mfupa? Kila baada ya hatua chache alitazama simu, kana kwamba mega zingerudi kwa huruma. Alitamani kulia na hakuwa na muda.

Mlango ulifunguka kabla hajabisha. Mama Domitille alikuwa bado na kitenge chake cha bluu. Juu ya meza mfuko wake wa sambaza ulikuwa haujafunguliwa. Alichungulia barabara, kushoto, kisha kulia.

"Ingia. Funga mulango."

Mapendo akapiga magoti pale pale. "Marraine, munisamehe. Nilijua ni Ijumaa, nyama ikanishinda nguvu. Musinikatae Jumapili, marraine."

"Simama. Nani ameona?"

"Batu kidogo tu. Luc, Élodie wa kwaya..."

"Katekista?"

"Hapana. Bado."

Mama Domitille akashusha pumzi ndefu. "Sasa juu ya nini haukufuta?"

"Mega ziliisha."

Marraine akashika simu yake mwenyewe, akamgawia connexion. "Futa."

Mapendo akabonyeza. Kiduara kikazunguka mara moja tu, picha ikatoweka.

Akainamisha kichwa kungoja karipio. Halikuja. Alihisi mkono begani, na sauti ya upole ambayo hakuwahi kuisikia kinywani mwa mama yule.

"Mutoto wangu, sisi wote tuko bazaifu. Mungu anajua. Jumapili nitasimama, nitasema ndiyo. Kwenu usiseme kintu."

Hapo Mapendo akalia, tena kwa sauti. Muda wote huu alikuwa akimwogopa, kumbe mama huyu ana moyo mkubwa kiasi hiki! Aliona haya kwa yote waliyomsema yeye na Charline.

"Na mu galerie ya simu," marraine akasema, akichukua sambaza zake kwenda jikoni. "Toa hata mule."

"Ndiyo, marraine."

Akaifungua. Ilikuwa picha nzuri, labda nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na kuifuta kulimuuma. Basi akaikuza kwa vidole viwili, aiage vizuri: pilipili, ndizi, mafuta yanayong'aa, moshi. Kidole kikateleza, picha ikasogea hadi nyuma ya moshi.

Kwenye meza ya ukutani, kando ya mfuko wa sambaza, palikuwa na kitenge cha bluu, Bikira kifuani. Mikono miwili ilikuwa imeshika brosheti, mashavu yamejaa, na macho yamefumbwa kama wakati wa ibada.