Tatu Isiyo na Lebo

Mstari ule kwenye faili ulikuwa wa nyumbani kwake. Majina yalishafutwa, lakini mtaa ulikuwa wake, watoto walikuwa wanne, wawili kati yao pacha, na kwenye kazi ya mume paliandikwa: mtakwimu. Mtaa mzima mtakwimu alikuwa yeye peke yake.

Aliutazama mlango wa ofisi. Ulikuwa umefungwa. Hata hivyo aliinuka, akausukuma tena kwa kiganja.

Hakuna aliyemtuma kutafuta. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo tu: faili la utafiti wa maisha ya ndoa lilitengenezwa kwa programu moja ya takwimu, na yeye alihamishie kwenye programu nyingine, ile wanayoitumia wakubwa. Programu hizo alizoea kuzitania kuwa ni kama mawifi: zinasalimiana vizuri, lakini hazipeani siri. Namba zilivuka salama. Lebo, yale maneno yanayoeleza kila namba ina maana gani, zilibaki ng'ambo.

Kwa umri na idadi ya watoto haikuwa shida, namba inajieleza. Shida ilikuwa safu moja yenye swali hili juu yake: Je, unamwogopa mumeo? Chini yake zilishuka moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa faili. Mke wake alikuwa tatu.

"Tatu ndiyo nini?" alisema peke yake, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya kwamba majibu ya watu hayachunguliwi. Sasa alikuwa akichungulia ya mke wake, tena kwa kujifungia kama mwizi.

Lakini hiyo ilikuwa aibu ndogo. Kubwa ni kwamba aliliogopa jibu. Mtu asiye na lake moyoni angeogopa nini?

Hakuwahi kumpiga. Hilo alilishikilia kwa mikono miwili. Ile ngumi ilitua kwenye mlango wa kabati, ingawa ilipita karibu kabisa na sikio la mke wake. Kesho yake aliutengeneza mlango mwenyewe, akapigilia ubao, akapaka rangi. Mama Pacha, kama mtaa wote ulivyomwita mkewe, alimshikia kopo la rangi, akasema imependeza. Hawakulizungumza tena.

Alimpigia simu mratibu wa utafiti, mwanamke aliyesoma naye chuoni.

"Dada, umenitumia namba, lebo umebaki nazo."

"Niko njiani, kaka. Nikifika tu nakutumia. Ila usizikisie."

"Sikisii."

Alikuwa ameshaanza kukisia.

Madodoso mengi aliyoyajua hupangwa hivi: moja ni mara nyingi, mbili ni mara chache, tatu ni kamwe. Akawatafuta wenye tatu. Walikuwa wachache mno, na safu zilizofuata kwao zote zilikuwa tupu: kwa nini unamwogopa, tangu lini, umemwambia nani. Bila shaka. Asiyeogopa ataulizwa hayo ya nini? Safu za wenye mbili hakuzitazama. Katika mtaa wao moja na mbili zilijaa tele. Mwenye tatu alikuwa Mama Pacha pekee.

Akashusha pumzi. Kisha aibu ikamjia kwa upande mwingine: kumbe alimshuku bure. Mwanamke wa watu amesamehe, tena amemsitiri mbele ya wahojaji, wale aliowapokea yeye mwenyewe nyumbani, na yeye amekaa hapa anampekua kama mshtakiwa! Akachukua simu.

Ilipokelewa papo hapo.

"Nimekosea nini?" Mama Pacha aliuliza.

Akacheka. "Hujakosea kitu, mama. Nimekukumbuka tu."

"Haya."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wametulia. Unarudi sasa hivi?"

"Bado kidogo."

"Haya. Asante."

Hakukata. Siku zote alisubiri mumewe akate kwanza. Ni heshima, mtakwimu aliwaza. Akaapa kwamba akifika nyumbani atamwomba radhi kwa lile kabati, kwa maneno kabisa, hata mbele ya watoto.

Jioni lebo zikaingia kwenye barua pepe. Hajazifungua, simu ya mratibu ikafuata.

"Kaka, jambo moja. Wenye tatu usiwachanganye na wengine kwenye jedwali. Waache peke yao."

"Naelewa. Hao ndio wenye bahati."

"Bahati? Wewe weka lebo kwanza."

Akaandika amri, akabonyeza. Namba zikageuka maneno, safu moja baada ya nyingine. Kwenye swali lile, moja ikawa Ndiyo. Mbili ikawa Hapana. Akashuka haraka, mstari kwa mstari, mpaka nyumbani kwake, akasoma:

Hakuulizwa. Mume alikataa kumwacha peke yake na mhojaji.