Mashimo ya Turubai

Mashauri, mpima wa mipango miji, alichomeka kigingi chake cha kwanza, nacho kikazama bila nyundo.

"Chomoa, mwanangu. Hilo shimo lina kazi yake," alisema Bi Mwanahawa, aliyekuwa akifagia uwanja ule mtupu katikati ya nyumba.

Akamwonyesha mengine saba, yote yamefunikwa kwa vifuniko vya makopo ya rangi ili watoto wasiteguke miguu. Humo ndimo zinamosimama nguzo za turubai la mtaa. Harusi, matanga, hitima, yote hufanyika hapo.

Mashauri akachomoa kigingi, akakunjua ramani juu ya goti. Uwanja ule ulikuwa umeandikwa "maegesho ya magari".

"Magari ya nani?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Ya watu watakaokuja baadaye, mama."

"Hao wa baadaye hawataoana? Hawatafiwa?"

Mashauri alicheka. Akaangalia alama pembeni mwa ramani. Barabara ilikuwa na yake, mtaro una yake, hata jalala. Turubai halikuwa na alama. Akayakata yale maneno kwa kalamu, akaweka nukta nane, na juu yake akachora paa.

Bi Mwanahawa akainama kutazama.

"Hapo sufuria la pilau halipiti. Panua."

"Kiasi gani?"

Akaegemeza ufagio ukutani, akatanua mikono yote miwili. Mashauri akavuta utepe wake wa kupimia, akaunyoosha taratibu kutoka kiganja hadi kiganja.