Karibu Baga

Shani alipofika, baga ya mwisho ya Badi ilikuwa imeshauzwa. Badi alikuwa anakifunga kibanda chake moja kwa moja siku hiyo, na jiko lilishazimwa.

"Umechelewa, Bi Shani," alisema, akifuta bamba la chuma. "Nimempa yule kijana."

Kijana aliketi kwenye benchi la bluu, pale pale ambapo Shani na marehemu mumewe walizoea kugawana baga moja kila Ijumaa. Tangu mazishi Shani hakuwa amekanyaga hapo. Kila wiki alijiambia kwamba wiki ijayo ataweza. Sasa harufu ya bizari na nyama iliyoungua kidogo pembeni ilimfuata mpaka aliposimama.

Kijana alimwona akitazama. Akainua baga yake kidogo, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu.

"Karibu, mama."

Jibu lake kila mtu analijua: ahsante, starehe. Badala yake Shani aliketi kando ya kijana, akaimega baga ile katikati, akala akiwa amefumba macho. Mchuzi wa ukwaju ulimchuruzika mpaka kwenye kiganja.

Badi aliacha kufuta. "Bi Shani, mwenzio kakukaribisha kwa mdomo tu."

"Nami nimekula kwa mdomo."

"Hata samahani, mama?" kijana aliuliza, akiitazama nusu iliyobaki.

Shani alijisogeza hadi ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Samahani siombi."