Dodoso Namba 112

"Namba mia moja na kumi na mbili," alisema Mama Takwimu, ameliinua dodoso kwa vidole viwili. "Hili ni lako, sivyo?"

Roho ilimruka Chapuchapu. Jina hilo walimpachika wadadisi wenzake, waliozunguka naye nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali. Wao wakijikongoja kumaliza wazee wanne kwa siku, yeye alikuwa amekwisha maliza saba na chai juu. Utafiti ulihusu wazee wanaoishi peke yao. Mama Takwimu, profesa aliyeuongoza, alikuwa na nafasi moja tu ya kumsomesha mdadisi bora shahada ya uzamili, na barua ya nafasi hiyo ilikuwa mezani pake, inasubiri saini. Mama mzazi wa Chapuchapu alishawatangazia majirani mtaa mzima.

"Ni langu, Profesa."

"Huyu mzee amefariki. Binti yake yuko nje, anataka kumwona mtu wa mwisho aliyezungumza na baba yake."

Chapuchapu alishusha pumzi. Kumbe hajakamatwa! Kisha aibu ikampanda, maana mzee mwenyewe hakuwahi kumtia machoni.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri. Alipanda ngazi za ghorofa tano, lifti mbovu, mvua imemlowesha mpaka soksi. Akabisha mara mbili. Ndani kukasikika ko, ko, ko, polepole, kukanyamaza, kukaanza tena. Mzee ana fundi, alijiambia, hana nafasi ya maswali sitini. Akashuka zake, akaketi mkahawani, akayatunga majibu yote kabla kikombe hakijapoa. Hakujiona mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nyumba mia moja na kumi na moja za mwanzo zilikuwa zimeshamfundisha wazee hujibu nini.

Binti aliingia. Alikuwa mama wa makamo mwenye macho mekundu, amekumbatia bakora kuukuu iliyong'oka mpira wa nchani.

"Pole sana, dada," alisema Chapuchapu.

"Tumeshapoa." Aliketi, bakora akailaza magotini. "Baba alikuwa hapokei simu. Jumatano nikapiga hapa, namba alikuwa amenisomea mwenyewe kwenye barua mliyomtumia kabla. Mhudumu wenu akaniambia mdadisi alizungumza naye jana yake, mzee ni mzima kabisa. Nikashukuru, nikaahirisha safari. Ijumaa moyo ukakataa, nikaja. Nikamkuta ameshakwenda."

"Pole sana," alirudia Chapuchapu.

"Basi nieleze. Alikuwaje?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini Mama Takwimu alikuwa anamtazama, na barua iko pale pale chini ya kiganja chake. Isitoshe, alijifariji, mfiwa anataka kusikia nini zaidi ya kwamba baba yake hakuteseka? Kumpa faraja nayo ni dhambi?

"Alikuwa mchangamfu, dada. Alinitania kwamba nauliza maswali kuliko polisi."

"Alikutania."

"Tulicheka sana."

"Na hii bakora?"

"Niliiona, ilikuwa imeegemezwa ukutani. Hata hakuihitaji. Alikuja kunifungulia mlango mwenyewe, kwa miguu yake."

"Kwa miguu yake," alisema binti taratibu.

Mama Takwimu alivua miwani, akaifuta. "Msomee swali la sitini. Jibu hilo ndilo linalofungua ripoti yetu."

Chapuchapu alilichukua dodoso. "Swali: Ukipatwa na jambo la ghafla, nani atakusaidia? Jibu: Sina wasiwasi. Watu wapo. Nikiita tu, watakuja."

Mama Takwimu aliivuta barua karibu, akafungua kalamu.

"Nisomee tena," alisema binti.

Akasoma tena, safari hii kwa sauti nzito kidogo, sauti ya mtu mzima aliyeshiba miaka. Alijichukia kwa kuipata vizuri namna ile. Hata hivyo hofu ilikuwa imeanza kumtoka, na alimwona binti akitikisa kichwa polepole kama mtu anayeridhika. Leo jioni angempigia mama yake simu. Kesho angesahau.

"Asante," alisema binti. Aliinuka, akailaza bakora mezani, juu ya dodoso lenyewe. Ncha yake ilikuwa imepasukapasuka, na rangi ya kijani ya mlango imeganda kwenye mbao.

"Daktari anasema baba alianguka Jumatatu usiku, nyonga ikavunjika. Hakuinuka tena, ila alikuwa hai mpaka Alhamisi. Nimemkuta nyuma ya mlango, hii iko mkononi, ubao wa chini wote umebonyeabonyea. Sasa niambie, mdogo wangu. Jumanne alikufungulia nani?"