Paka wa Jenereta

"Hiyo ni ya dharura tu, shemeji. Haijawashwa tangu mwaka jana," alisema meneja wa kiwanda cha sabuni, akimwonyesha jenereta kubwa mdogo wa mke wake, mkaguzi wa hewa ya ukaa.

Mkaguzi akafungua daftari lake. Tangu asubuhi roho yake haikutulia. Moshi wote wa kiwanda ulipaswa kuingia kwenye ripoti yake, na dada alishampigia simu: "Mdogo wangu, chonde, usitutilie mchanga kwenye kitumbua chetu."

Mvua ilinyesha nje ya banda, baridi ya kung'ata. Juu ya jenereta, paka alilala chali, tumbo wazi, kama bwana mwenye nyumba.

"Toka hapa!" Meneja akampungia kofia.

Paka akashuka, akawazunguka, akapanda tena na kujilaza palepale.

"Hana adabu huyu," meneja akacheka peke yake.

Mkaguzi akaweka kiganja kwenye chuma, kando ya paka. Akashtuka, lakini hakukiondoa.

"Shemeji," akasema polepole, "hebu na wewe weka mkono hapa."

Meneja akaitia mikono yote miwili mifukoni.