Kaburi la Halfani

Jumamosi kaburi halikuwapo. Jumatatu asubuhi, Kipriani aliporudi na baiskeli yake kutoka kusali Mnero, alilikuta katikati ya msitu wake, baina ya miti ya mininga na mitondoro: tuta jipya la udongo mwekundu, juu yake matawi ya miiba ya kuzuia fisi.

Kando ya tuta alikaa mama mwenye kaniki nyeusi, miguu ameinyoosha. Kipriani alimfahamu. Alikuwa Mwanamvua, aliyepita hapo kila siku akienda kuteka maji.

"Pole, mama. Umefiwa na nani?"

"Na mume wangu, Halfani. Tumemzika jana, wewe ukiwa kanisani."

Kipriani alivua kofia, akapiga magoti, akamwombea marehemu.

Msitu aliuita wake kwa sababu ndio uliobeba maisha yake. Kusoma alijifunza ukubwani, ana ndevu tayari, katika darasa la jioni lenye taa moja ya chemli. Alipanda madarasa taratibu, akisali na kusoma, hata akafika chuo kikuu cha Ulaya. Sasa alitafuta shahada ya pili ya misitu, na tasnifu yake yote ilikuwa hapa Nambambo: miti aliyoipima unene msimu baada ya msimu. Ikiangushwa kabla mvua hizi hazijaisha, shahada hana.

Na kampuni ya mashamba ilikuwa imekwisha kung'oa pori lote la jirani. Profesa wake alimwandikia atafute msitu mwingine, aanze upya. Kipriani alimjibu kwa heshima kwamba haondoki.

Jua halijapanda sana, matingatinga mawili yakaja yakiburuza kati yao mnyororo mnene wa kung'olea miti. Mbele alitembea msimamizi, Abdulatifu, mtu wa Tanga. Hapo hapo mzee mmoja akatoka vichakani, jembe begani, akasimama karibu na mjane. Kipriani alimfahamu huyu naye. Alikuwa mkuu wa jando, na kwa jinsi alivyoifanya kazi hiyo miaka mingi, wakubwa kwa wadogo walimwita kwa cheo chake tu: Nakanga.

Abdulatifu alilitazama tuta. "Kaburi hili limeota na mvua? Juzi nilipita hapa, sikuona kitu."

"Kwani watu wafe kwa kukuuliza wewe?" alijibu Nakanga.

"Na wewe mama, mjane wa juzi juzi, mbona huku porini? Eda yako iko wapi?"

"Nikae eda ndani, nawe unakuja kumlima mume wangu?"

Madereva waliinamisha vichwa. Amri ya kampuni waliijua: penye kaburi hapalimwi. Abdulatifu naye aliijua, ndiyo maana hakuwa na haraka.

"Haya, marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu na nusu!" Nakanga alidakia. "Hodari, mpole, mkarimu. Nachingwea na Ruangwa yote humpati mwingine."

"Mvivu," alisema Mwanamvua. "Halafu akikoroma, hayo matingatinga yako yanasubiri."

"Mama! Maiti hasemwi vibaya."

"Nani wa kunikataza? Aliyempikia ni mimi."

Mzee aliutazama mpini wa jembe lake. Kipriani alimwonea huruma.

"Ulimjua sana, mzee?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Tulitiwa jandoni siku moja," alisema Nakanga, akageukia pembeni.

Abdulatifu alipiga makofi. "Basi hakuna ugomvi. Tutamfukua kwa adabu, tumpeleke akazikwe kijijini kwenu. Vijana, shukeni na majembe."

Mwanamvua alishika mdomo. Madereva walikuwa bado wanatazamana, Kipriani akawahi. Aliketi chini, mgongo kwenye tuta, uso kwenye chuma cha tingatinga la mbele.

"Ondoka hapo, babu mwanafunzi," alisema Abdulatifu. "Mvi zimekuota, bado unahangaika na shule! Tena shule ya miti! Miti ina herufi?"

"Walionicheka kabla yako ni wengi, bwana, na nikasoma hivyo hivyo. Sitoki."

"Unalinda miti yako wewe. Unajificha nyuma ya maiti ya watu."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake. Kipriani alifumba macho, akasali kimya. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imetulia.

"Miti naitaka, sikatai. Lakini Mungu namwogopa kuliko ninavyoitaka shahada. Naapa mbele zake: hapa amelala mtu. Mkitaka kumgusa, mtaanza kunifukia mimi."

Dereva wa kwanza alizima injini. "Mimi maiti sifukui, bwana mkubwa. Kwetu nina wazee." Wa pili naye akazima.

Abdulatifu aliwatukana, akatema mate, akatazama kilima cha ng'ambo ya kijito. Mwishowe aliwaamuru wageuze, wakaanzie huko, na msitu huu uachwe. Mnyororo uliondoka ukilia juu ya mawe.

Kipriani alianza kusimama. Mzee alimshika mkono, akamwinua.

"Asante, mzee wangu. Nikimaliza tasnifu, ukurasa wa kwanza nitawashukuru mliosimama nami leo. Lakini siwezi kuandika Nakanga peke yake. Jina ulilopewa na baba yako ni lipi?"

Mzee alisikiliza mpaka ngurumo ya mwisho ikapotea ng'ambo ya kijito.

"Halfani," akasema.