Alama ya Pete

Barua ilisomwa mara tatu pale mezani Iloilo, Ufilipino. Ombi la baba yao aliyeko Marekani, la kuwahamishia watoto huko, limekubaliwa, sasa mdogo wa kike wa Remedios apeleke cheti cha kuzaliwa na hati ya kuwa hajaolewa.

Ombi lilikuwa la watoto wasio na ndoa. Jina la Remedios lilifutwa siku alipoolewa.

"Dada, nitakutumia viatu," mdogo wake alisema, akimega tonge la wali na samaki mkavu.

Remedios alivitazama vidole vile. Kimoja kilikuwa na mstari mweupe, pasipofika jua.

"Nani kakuvisha pete?"

Mdogo wake alikunja ngumi. "Meya alitufungisha ndoa mwaka jana. Karatasi hazijafika kwa msajili Manila. Baba hajui, dada. Nifichie."

Mume anaye, na Marekani anaitaka.

Simu ikaita. Alikuwa baba. "Remedios, wewe ndiye mkubwa, niambie kweli. Mdogo wako hajaolewa, sivyo?"

Chini ya meza, mkono wenye alama ulimshika goti.

Remedios aliutoa taratibu, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Muulize mkweo mpya, baba."